Kaa, Watakuja

Usiniulize habari za Ulaya. Kila anayepita hapa Nyarero akinikuta shambani ananiuliza binti yangu Tabitha ananitumia nini kutoka Ujerumani, kana kwamba jembe hili nimelishika kwa kupenda. Mgongo unaniuma tangu alfajiri. Na aliyemharibia Tabitha kule ni mimi.

Alikwenda kulea watoto. Mpango wenyewe ni hivi: binti anaishi na familia mwaka mzima, anaangalia watoto wao, anapewa chumba, chakula na pesa kidogo ya mfukoni, na mchana anasoma lugha yao. Akifaulu mtihani wa lugha, anaomba chuo cha uuguzi hukohuko. Huo uuguzi ndio tuliokuwa tunautafuta. Mwanangu anautaka tangu darasa la tano.

Walimpokea vizuri. Yule mama mwenye watoto akamwambia, wewe hapa ni mtoto wa nyumbani. Masikini, hakujua anaongea na Mkurya. Mtoto wa kike wa nyumbani kwetu haketi kazi ikiwapo. Tabitha akawa anaamka kabla yao, anafua, anapiga pasi, anapika, anabeba mapacha wao mpaka walale. Nusu ya kazi hizo hakuna aliyemtuma, na hakuna aliyemzuia. Mtu akizoea kufuliwa, amezoea. Darasani akawa anasinzia, halafu akaanza kukosa vipindi, na mtihani umebaki miezi miwili.

Alinipigia analia. Nikamuuliza kama amewaambia. Akasema, nitaanzaje, mama? Nikamwelewa. Kwetu humwambii mwenye mji aliyekupokea kwake kwamba umechoka. Akiwa na macho anaona mwenyewe.

Ndipo nikampa dawa ninayoijua. Mwaka ule baba yake, Mniko, aliponichosha, sikugombana naye. Nilifunga nguo zangu nikarudi kwa baba yangu, nikakaa. Mniko akaja na wazee wake, wakaulizwa, wakaona aibu, nikarudi kwa heshima. Hadithi hiyo Tabitha ameisikia tangu yuko mgongoni.

“Nenda ukakae kwa Kezia,” nikamwambia. “Kaa tu. Watakuja.”

Kezia ni msichana wa Sirari anayesomea uuguzi mji wa jirani. Tabitha akaacha karatasi mezani kwamba yuko kwake, akabeba begi dogo. Nguo nyingine alizibakiza, maana anayebakiza nguo anatarajia kurudi. Kila jioni namuuliza, wamekuja? Bado, mama. Nikamwambia mvumilivu hula mbivu. Yule mama alipiga simu mara mbili. Nikamkataza Tabitha kupokea. Waje kwa miguu yao, nikasema, mimi na kiburi changu.

Siku ya tisa ukaja mzigo. Nguo zake zote, zimefuliwa, zimekunjwa, na barua juu: tunaheshimu uamuzi wako, tunakutakia heri. Aliponisomea nilikaa chini katikati ya mahindi. Kwetu mwanamke akiletewa nguo zake, basi, ndoa imekwisha.

Nikamwambia aende mwenyewe akabishe hodi. Akaenda. Yule mama alilia pale mlangoni, akasema walidhani amewachukia, na sasa kuna binti mwingine anafika Jumatatu. Kisha akamuuliza jambo moja tu: mbona hukusema?

Kibali cha Tabitha cha kukaa kule kinamtaka awe na familia. Asipopata nyingine mwezi huu anarudi hapa, bila mtihani, bila uuguzi.

Leo asubuhi amenipigia. Shikamoo yake ilikuwa ya mtu ambaye hajalala.

“Mama, baba alikuja kukuchukua siku ya ngapi?”

Ningeweza kudanganya. Miaka ishirini na nne nimedanganya vizuri, mpaka mwenyewe nilikuwa nimeanza kuamini. Lakini nimechoka, mwenzangu, na uongo nao ni mzigo.

“Hakuja,” nikamwambia. “Nilikaa miezi miwili hakuja mtu. Babu yako ndiye aliyemfuata kwa siri, akambembeleza aje na wazee, nisiaibike.”

Nikaitazama simu. Nikadhani salio limekwisha.

“Mbona hukusema, mama?”

Hakungoja jibu, akakata. Palizi imebaki mistari sita, na mimi nimekaa tu hapa na simu mkononi.