Mtoto Mwenye Beseni

Kazi yangu ni kukata picha za video za habari. Kama umewahi kutazama taarifa ya jioni ya kituo chetu, basi umeshamwona mtoto mwenye beseni. Mama yuko ndani ya maji ya mafuriko, yamemfika kifuani, amembeba binti mdogo mabegani. Binti amejifunika beseni la plastiki kichwani na anacheka. Sura ya mama huioni vizuri kwa sababu ameinama anatafuta pa kukanyaga. Picha yenyewe ni fupi, ukipiga chafya imekupita.

Tuliitumia miaka mingi mpaka ikachuja. Waziri akitamka tabianchi, tunaweka mtoto mwenye beseni. Wataalamu wakikutana hotelini, kwenye kiyoyozi, kujadili joto la dunia, tunaweka mtoto mwenye beseni. Kuna siku tuliiweka hata kwenye habari ya ukame, na hakuna mtazamaji hata mmoja aliyepiga simu kutucheka. Hilo ndilo lililoniudhi. Watu walikuwa wanatutazama bila kutuona.

Basi asubuhi ile, kwenye mkutano wa chumba cha habari, nikaamua liwalo na liwe. Mhariri mkuu tunamwita Kwa Ufupi, maana hotuba zake zote huanza na maneno hayo na hakuna iliyowahi kuwa fupi.

"Mzee, watu wamechoka," nikamwambia. "Tumewatisha na mafuriko mpaka wamekuwa sugu. Tuwaonyeshe na yanayofanyika. Kuna wanaovuna maji ya mvua, kuna waliozibua mitaro ya mtaa wao bila kumngoja mtu. Na ile picha ya beseni, jamani, tuizike."

"Kwa ufupi," akaanza, na baada ya muda mrefu tukaelewa kwamba amekubali.

Fundi mitambo, ambaye wimbo wake ni mmoja tu, kwamba nafasi ya kuhifadhi imejaa, akadakia hapohapo. "Kama mnaizika, izikeni kweli. Mafaili ya siku ile yamekalia nafasi kubwa bure."

Nikayafuta mwenyewe. Nilifuta picha zote za siku ile, mbichi, kama zilivyotoka kwenye kamera, kisha nikamwaga na kikapu cha kompyuta. Nakala nyingine haikuwepo. Nilijisikia vizuri, sitaki kudanganya. Nilijiona mtu aliyefanya jambo la maana kwa dunia hii inayoungua.

Jioni ya siku hiyohiyo mchumba wangu akanipeleka kwa mama yake kwa mara ya kwanza. Nilikuwa na hofu ya kawaida ya mtu anayekwenda kukaguliwa, lakini alikuwa amenitoa wasiwasi. Mama yake, alisema, kila wakiongea kwa simu humuuliza, "Huyo wa televisheni unamleta lini?" Nilivimba kichwa kidogo.

Sebule ilikuwa safi, makochi yamefunikwa vitambaa vya kufuma, televisheni iko juu ya kabati. Kiti kimoja cha mbao kilikuwa kimevutwa karibu nayo mno, karibu ya kuumiza macho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, karibu sana. Ndiye wewe wa televisheni?"

"Ndiye mimi."

"Nilimwambia huyu, akuoe asikuoe, kwanza akulete nikuone." Tukacheka wote.

Tulikula, tukaongea, nikasifiwa kwa kuosha vyombo bila kuombwa. Taarifa ya habari ilipopiga mlio wake wa kuanza, mchumba wangu akainuka, akasema anakwenda dukani kununua vocha.

"Huyu taarifa ikianza tu, anakumbuka duka," mama akasema. Akahamia kwenye kile kiti cha mbao, akanigeukia. "Mwanangu, nina ombi. Usinione msumbufu, ndiyo siku ya kwanza."

Nilijua. Watu wote wana ombi kwa mtu wa televisheni. Ni mpwa anayetafuta kazi, au salamu zisomwe hewani. Jibu langu lilikuwa tayari.

"Sema tu, mama. Likiwa ndani ya uwezo wangu, limekwisha."

"Ile picha ya mafuriko. Ya mtoto mwenye beseni."

"Ile!" Nikaangua kicheko. "Kumbe hata wewe imekuchosha? Usijali, mama. Hutaiona tena. Nimeifuta leo, kwa mikono yangu hii."

Hakucheka. Aliniangalia kama mtu anayesubiri nimalizie sentensi.

"Umeifuta," akasema.

"Ndiyo."

"Yule ni binti yangu. Anayembeba ni mimi."

Kicheko kilikuwa bado hakijanitoka usoni na sikujua nikiweke wapi. Nikalitazama paji la uso wake, na Mungu wangu, lilikuwa lilelile. Nimewahi kuliongezea mwanga paji lile kwenye kompyuta yangu ili lionekane vizuri zaidi hewani, na jioni nzima nilikuwa nimekaa nalo meza moja nisilijue. Mchumba wangu aliwahi kuniambia alikuwa na mdogo wake, alifariki utotoni. Hakusema zaidi, na mimi sikumchimba.

"Mpiga picha wenu alipoondoka tulikuwa bado hatujafika ng'ambo," mama akasema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na hilo lilinitisha kuliko kilio. "Maji yakaja mengine. Nikateleza. Na picha zote za binti yangu zilikuwa ndani ya nyumba, zikaenda na nyumba. Namwona kwenu tu. Wakitaja hali ya hewa, navuta kiti."

Miaka yote hiyo, sisi tukiona watazamaji wamechoka, mtu huyu alikuwa akiomba waziri aseme neno lake ili amwone mwanawe. Halafu kitu kikanijia, nikaruka kutoka kwenye kochi.

"Mama, ipo! Nimefuta ile mbichi, lakini kila taarifa iliyokwenda hewani imehifadhiwa, nyingine ziko hadi mtandaoni. Zote zina picha ile. Kesho nitakukatia, nitakuwekea kwenye simu yako, utamwona saa yoyote utakayo!" Nilikuwa karibu kupiga kelele. Machozi yalikuwa yananitoka kwa nafuu.

Akanishika mkono, akaupigapiga taratibu, kana kwamba mimi ndiye niliyefiwa.

"Ahsante, mwanangu. Lakini hiyo ya kwenye taarifa ninayo hata nikifumba macho. Nilitaka ile yenyewe. Umeona pale midomo yake inavyokwenda?"

"Anacheka," nikasema.

"Hacheki, mwanangu. Anaongea. Aliongea njia nzima. Maji yalikuwa na kelele, simsikii, na mimi nimeshachoka, nikamwambia nyamaza, mama, nyamaza, tutafika. Nikitazama kwenu, kila mara anayesikika ni msomaji wa habari. Ndiyo nikasema, siku huyu wa televisheni akiletwa, nitamuuliza." Alisogeza kiti chake kwangu, akaipa televisheni mgongo. "Sasa hata kama umeifuta, si wewe uliyekuwa ukiikata? Alikuwa anasema nini?"

Nilitamani kumdanganya. Neno moja dogo lingetosha, jina lake tu, au kwamba mtoto alikuwa anaimba. Lakini alikuwa amenikazia macho, mikono yote miwili imeshika mkono wangu, na nisingeweza kumtungia mtoto wake maneno. Picha ile ilipita mikononi mwangu mara nisizoweza kuzihesabu. Na kila mara, kabla sijagusa kitu kingine chochote, nilianza kwa kuizima sauti yake, ili msomaji wetu asikike vizuri.

"Sijui, mama," nikasema. "Sikuwahi kumsikiliza."