Sahani Iliyolala

Kiwanda cha sabuni kilipotangaza shindano la familia inayojua kubana matumizi, Mpishi hakungoja kuambiwa mara mbili. Walimwita Mpishi kwa sababu kazi yake ilikuwa kukoroga sabuni kwenye mapipa ya moto, si kwamba aliwahi kupika hata yai. Aliyejua kupika, na kushona, na kufufua kila kilichokufa ndani ya nyumba, alikuwa mkewe.

Na kweli, mwanamke yule alikuwa na mikono. Mwavuli ukivunjika mbavu, kitambaa chake kilizaliwa upya kikawa begi la shule, lenye mkanda wa maua maua, na mvua inyeshe itakavyo, madaftari hayalowi. Kola ya shati ikichakaa aliifumua, akaigeuza, akaishona tena, mumewe akaenda kazini shingo imesimama kama ya karani. Maharage aliyachemsha kidogo tu, kisha akaivika sufuria blanketi kuukuu, akaitumbukiza ndani ya kapu lililojaa majani makavu na kuifunika kwa mto. Jioni wakifungua, yameiva yenyewe, mkaa haujaguswa tena.

"Yamelala vizuri," alikuwa akisema, watoto wakiangua kicheko.

Nyumba ile kila kitu kililala. Maharage yalilala kapuni. Vipande vya sabuni vililala majini mpaka vikashikana kuwa mche mmoja. Na wakati wa kula, sahani ya mama ililala kifudifudi mkekani.

"Sahani ya mama imelala!" watoto waliimba. "Msiiamshe!"

"Nimeonjaonja huko jikoni, nimeshiba," mama alikuwa akijibu, na Mpishi akicheka pamoja nao, huku akimega tonge. Aliuona mchezo mzuri. Aliwahi hata kuwasimulia wenzake.

Sasa, mtu mwenye kumbukumbu angenusa kitu. Wafanyakazi walikuwa wametoka kuomba nyongeza ya mshahara, wakiongozwa na mfungashaji mmoja waliyemwita Mdomo, na Mpishi mwenyewe alinyoosha mkono. Jibu lilikuwa halijaja. Badala ya jibu likaja shindano. Ni uongozi ule ule uliowahi kuwafutia mgao wa maziwa watu wanaovuta moshi wa mapipa, ukawabandikia ukutani bango la kuwahimiza kutunza afya. Bango lilikuwepo bado, limefifia, na Mpishi alipita chini yake kila asubuhi. Lakini alishaiona zawadi dirishani mwa ofisi, sufuria kubwa yenye mfuniko wa kioo, na kichwa kikamvimba.

Jioni ya kuamkia shindano alimkalisha mkewe.

"Watakuuliza kama mshahara wangu unatosha. Sema unatosha."

"Na kama hautoshi?"

"Mama Watoto! Usinivue nguo mbele ya watu. Mwanamume gani huyo, mkewe anapanda jukwaani kusema mume hanilishi?"

Mkewe alikuwa anashona. Akaukata uzi kwa meno, akautazama mshono badala ya kumtazama yeye.

"Haya. Unatosha."

Bwalo lilijaa. Mke wa Mpishi alipanda na kapu lake na begi lake, mwanzoni sauti ikitetemeka, halafu akanogewa. Alipofungua kapu na mvuke ukapanda, ukumbi mzima ulipiga makofi. Mpishi alimpiga kiwiko Mdomo aliyekaa pembeni yake. "Unamwona shemeji yako?"

"Namwona," Mdomo alisema. "Anajua kazi."

Meneja akamsogezea kipaza sauti. "Mama, na mshahara wa baba unatosha?"

Alimtafuta mumewe kwa macho. Mpishi akaitikia kwa kichwa kumtia moyo.

"Unatosha," akasema.

"Mara nyingine, wasikie wa nyuma!"

"Unatosha."

Alipokabidhiwa sufuria na makofi yakatulia, Meneja hakushuka. "Mmesikia wenyewe," alisema, akitabasamu kama mjomba wa harusi. "Sijasema mimi, kasema mama mwenye nyumba. Mshahara ni huu huu mnaopata nyote. Tatizo si kiasi, tatizo ni mpangilio. Kwa hiyo lile ombi lenu tunalifunga, na mama huyu atawafundisha wake zenu."

Mdomo aligeuka polepole, akamtazama Mpishi kuanzia kola iliyogeuzwa hadi viatu, kisha akainuka na kwenda zake. Mpishi alibaki amekaa, masikio yanawaka moto. Jukwaani mkewe alikuwa ameikumbatia sufuria, hajui aishike vipi.

Kuanzia siku ile jina la Mpishi lilikufa.

"Shikamoo, Bwana Unatosha!" Mdomo alimpokea langoni. "Tugawie basi kilichobaki. Sisi wenzako haututoshi."

"Acha hizo, ndugu yangu."

"Ndugu yako nani? Ndugu yako yule mwenye kipaza sauti."

Wenzake walicheka, kicheko kisichokuwa na utani. Bombani, wanawake walimpisha mkewe achote maji wa kwanza, kwa adabu nyingi mno, na hakuna aliyemwuliza habari za watoto. Alirudi na ndoo, akaifunika sufuria mpya kwa gunia, wala hakuitumia.

Na Mpishi, badala ya kuimeza aibu yake, aliimwaga pale ilipokuwa rahisi kumwaga. Nyumbani.

"Hukuweza kusema hata 'unatosha kidogo'?" alifoka wakiwa mkekani. "Mara mbili! Nani alikutuma useme mara mbili? Watu wananitemea mate kwa sababu ya mdomo wako."

Mkewe alichukua mwiko. Aliwapakulia watoto, akampakulia na yeye, akaigeuza sahani yake kifudifudi. Mdogo akaanza kuimba, "Sahani ya mama imelala..." Binti mkubwa akamfinya.

"Usiimbe. Si wimbo."

"Na wewe una nini?" Mpishi alimgeukia.

"Baba, mama haonji kitu jikoni. Ninayepika siku hizi ni mimi, yeye anakwenda kufulia watu. Hata ukoko anatugawia sisi."

"Nyamaza, wewe!" mama alisema, lakini sauti haikuwa na nguvu.

Mpishi alilirudisha tonge sahanini. Alimtazama mkewe kama mtu anayetazama nyumba yake baada ya safari ndefu. Gauni lile la maua alimnunulia mwenyewe, likimjaa. Sasa lilikuwa limebanwa kiunoni, na juu ya mshono ule kuna mshono mwingine, na mwingine. Macho yake yakaliendea begi lililotundikwa msumarini. Mkanda wa maua maua. Ule ule aliousifia kwa wenzake: angalia alivyoupendezesha!

Ulikuwa umeshonwa kwa vipande vya gauni. Kadiri alivyopungua, ndivyo mkanda ulivyorefuka.

Alitaka kusema kitu. Alichopata kusema ni, "Chumvi imepungua," na mwenyewe akaona aibu kulisikia.

Asubuhi aliibeba sufuria begani, bila kuifunika, akapita nayo njia kuu watu wakimtazama. Langoni Mdomo alianza, "Bwana Una..." akaishia hapo, akamfuata, na wengine wakafuata. Mpishi aliitua juu ya meza ya Meneja, kati ya chai na simu.

"Nairudisha. Hautoshi."

"Haitoshi?" Meneja alicheka. "Ndogo? Tukutafutie kubwa zaidi?"

Mlangoni mtu mmoja alicheka pia. Mpishi alihisi jasho likimtiririka chini ya kola. Maneno aliyokuja nayo, ya haki na ya nyongeza, yalimtoka kichwani yote, likabaki moja tu, lile ambalo mwanamume hujiapiza hatalisema mbele ya wanaume wenzake.

"Mke wangu hali."

"Ni mgonjwa? Pole sana."

"Si mgonjwa. Tunakula sisi, yeye anaigeuza sahani. Nilimwambia aseme unatosha. Ni mimi niliyemwambia. Na nilikuwa nacheka."

Aliyecheka mlangoni aliacha. Meneja alikohoa, akavuta chai yake, akasema suala hilo litaangaliwa. Mpishi alijua maana ya litaangaliwa. Liliangaliwa la maziwa pia. Alipogeuka alitarajia matusi. Hakuna aliyekuwa anamtazama. Kila mtu alitazama sakafu, na Mdomo, aliyekuwa hakosi neno, alikuwa akiikunjakunja kofia yake mkononi.

"Hata kwangu," alisema kwa sauti ya chini. "Yeye husema tumbo linamsumbua."

Hawakushikana mikono. Walirudi kwenye kazi zao.

Jioni Mpishi aliketi mkekani kabla ya wote, na chakula kilipopakuliwa akaiinua sahani ya mkewe, akaigeuza uso juu, akamhamishia nusu ya chakula chake.

"Mimi nimeshiba, Baba Watoto, nimeonjaonja..." mkewe alianza, kwa mazoea.

Watoto walimtazama. Alimega tonge dogo, akalitafuna akiwa ameinamisha uso, kama mtu aliyekamatwa akiiba, na Mpishi hakuweza kumtazama akila.