Marehemu Anayeshona

Fundi alikuwa hai na mzima, tena akishona sketi ya sare, siku alipoletewa cheti chake cha kifo. Dalali aliyekitengeneza alimwekea juu ya meza ya cherehani, akasema, "Hongera, dada," kisha akajing'ata ulimi, maana hata yeye aliona haikukaa sawa.

Mpango ulikuwa wa kaka yake, aliyehamia ng'ambo miaka mingi iliyopita na sasa ana kibali cha kuishi huko daima. Alimweleza kwenye simu kama mtu anayeelekeza njia ya sokoni. Kule kuna milango mitatu. Mlango wa kazi unataka vyeti vya chuo, na Fundi chuo chake kilikuwa cherehani. Mlango wa ndoa, hapo Fundi alicheka mwenyewe, kwani mumewe aliingia mitini mtoto hajaota hata meno, na mmoja alimtosha. Ukabaki mlango wa damu: mwenye kibali huruhusiwa kuwaita watoto wake. Dada haruhusiwi, wala mpwa.

"Basi mwanao Kidoti awe wangu," kaka alisema. "Na mama yake awe alishafariki, maana akiwa hai watamwita na kumchimba. Wewe utampeleka ofisini kama shangazi yake. Akikua huku akapata uraia, atakuita. Mtaishi pamoja mpaka uzeeke."

Mtaishi pamoja. Hapo ndipo Fundi alipolewa. Mengine aliyasikia kwa sikio moja.

Tangu siku hiyo ikapigwa marufuku nyumbani kumwita Fundi "mama". Kidoti, mtoto wa miaka sita mwenye akili kama wembe, alifurahia mchezo. Mjomba akapandishwa cheo akawa baba. Fundi akawa shangazi. Mtoto akiteleza usiku akaita "mama", Fundi haitiki. Alilala akiuma kanga yake hadi mtoto ajisahihishe, na roho ilimuuma kuliko alivyotarajia.

Bibi peke yake ndiye aliyegoma. "Maneno huumba," alimwambia binti yake. "Mimi nimezaa mtoto yuko hai, simlilii. Unajichimbia kaburi kwa mdomo wako."

"Mama nawe! Karatasi haiui mtu."

"Haya. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Siku moja mwalimu mpya wa Kidoti alibisha hodi, uso umemlegea. Alisema mtoto amewaambia darasani kuwa mama yake amefariki, na wenzake wamemwombea. "Pole sana," alimwambia Fundi, akimshika mkono kwa mikono miwili. "Wewe ni nani wake?" Fundi angeweza kucheka na kueleza. Lakini mpango ukivuja umeharibika, naye akajisikia akijibu, "Shangazi yake. Tumeshapoa, mwalimu." Alipogeuka alimkuta Kidoti mlangoni, akimtazama kwa huruma kama wanavyotazamwa wafiwa. Jioni ile akishona alijichoma sindano mara mbili.

Siku ya mahojiano ubalozini ikafika. Afisa alikuwa mtu mzima mpole, mwenye miwani na sauti ya kubembeleza. Fundi angependa awe mkali, maana mkali unamwona akija.

"Huyu aliyekuleta ni nani?" afisa alimuuliza mtoto.

"Shangazi."

"Na mama yuko wapi?"

"Alikufa kwa homa. Simkumbuki."

Hilo la mwisho hakufundishwa na mtu.

Afisa akagonga muhuri, kibali kikawa tayari. "Pole kwa kumpoteza wifi yako," alisema akikusanya karatasi. "Inasikitisha, kwa sababu mtoto kama huyu akiwa mtu mzima, sheria ya kule inamruhusu kumwita mzazi wake wakaishi pamoja daima. Angemwita mama yake."

Fundi akamsogelea mezani. "Na shangazi?"

"Shangazi haruhusiwi. Anaweza kuja kutembea tu, kisha anarudi kwao."

"Hata kama ndiye aliyemlea?"

"Hata kama amemlea."

Kaka hakuwa amewaza hilo, wala yeye. Walikuwa wamemuua mtu yule yule ambaye mtoto angemwita. Akisema kweli sasa ni kesi ya kughushi, jela kwake na kufukuzwa kwa kaka. Akapokea bahasha ya kibali. Alijipa moyo: mtoto bado ni wangu, kibali ni karatasi, naweza kufika nyumbani nikakitia motoni na maisha yakaendelea. Akamshika Kidoti mkono wakatoka.

Ukumbini, watu wakipita na bahasha zao, alishindwa kuvumilia. Alichuchumaa akamshika mabega.

"Kidoti, mchezo umekwisha. Hatuendi popote, unasikia? Niite mama."

Mtoto alimtazama, kisha akautazama mlango wa afisa.

"Niite mama, mwanangu. Mara moja tu."

Kidoti alimsogelea sikioni, taratibu, kama anayemkumbusha mtu mzima mambo yanayomtoka kichwani.

"Mama amekufa, shangazi," akanong'ona. "Umesahau?"