Mapipa Yaliyosimamishwa

Pampu ilianza kugonga asubuhi, na mimi, mwendesha tanuri kwa miaka tisa, sikuelewa kitu. Tanuri langu linapasha mafuta. Mafuta yanazunguka kwenye mabomba hadi kwenye mashine za kubana mbao, yanaacha joto huko, kisha yanarudi. Yanafika digrii mia mbili na hamsini bila kuchemka. Ndiyo maana hatutumii maji. Lakini siku hiyo mshale wa presha ulikuwa unayumba kama mlevi, na mashine zilikuwa vuguvugu.

Tulikuwa tumejaza mafuta mapya jana yake tu. Meneja hakutaka kuumiza kichwa: mtunza stoo kauza mafuta halali, kaweka ya ovyo, na saa nane atafukuzwa. Mtunza stoo ni shemeji yangu, mume wa dada yangu. Nilimshuku, nikajichukia kwa kumshuku, nikamshuku tena. Lebo ni ileile, rangi ni ileile ya asali. Niamini nini?

Nikampigia simu mjomba, aliyenifundisha kazi kabla hajastaafu. Akaniambia niweke kikaango motoni, nidondoshee mafuta yale. Matone yakalia, yakanirukia mkononi.

"Hayo yana maji," alisema. "Mapipa mliyalaza?"

Nikabisha. Mapipa yalikuwa yamefungwa, maji yangepita wapi? Akanieleza taratibu kwamba pipa likisimama nje, mvua hutuama juu ya kifuniko. Jua likiwaka, hewa ya ndani hutanuka na kutoka. Baridi ikiingia hunywea, na pipa huvuta maji penye kizibo.

Shemeji alikuwa ameyalaza uani, nyuma ya stoo. Mimi ndiye niliyemfokea mwezi uliopita kwamba mapipa yake yako shaghalabaghala, ayasimamishe yote, lebo zitazame mbele. Alifungua mdomo, nikamkatiza. Mkuki kwa nguruwe. Niliona aibu.

Saa nane kasoro nilimkuta kwenye benchi nje ya ofisi ya meneja, kofia mapajani.

"Siku ile ulitaka kuniambia nini?"

"Kwamba mjomba alikataza yasisimamishwe," alisema. "Sababu hata mimi siijui, shemeji."

Meneja akaita jina lake. Alipotaka kuinuka nikamshika bega, nikamkalisha, nikaingia mimi.