Akordeoni Isiyozikwa

Mkwe wangu, Mama Antoine, alikuja nyumbani kwangu Makobola asubuhi moja ya mwaka ule ambao askari wa serikali waliwafukuza waasi, wale tuliowaita Wamulele. Aliketi juu ya kinu kilichopinduliwa, maana viti vilikuwa vimeondoka na askari hao hao waliokuja kutuokoa.

"Apolline, siye tunataka kumuzika Thaddée," akasema.

Nikamuuliza tutamzika na nini. Sikuuliza kwa ubaya. Niliuliza tu, kama mtu anavyouliza bei ya mihogo sokoni wakati hana nia ya kununua.

Thaddée ni mume wangu, mtoto wake wa pili. Mwaka uliotangulia Wamulele walimchukua pamoja na wanaume wengine ili wawabebee masanduku kuelekea Fizi. Alitoka mlangoni akitafuna muhogo, akaniambia niwaambie waimbaji wa kanisa wasianze mazoezi bila yeye. Wenzake walirudi mmoja mmoja. Yeye hakurudi, wala hakuna aliyesema amemwona akianguka. Tangu hapo sikuwa nimelia hata mara moja. Watu walinitazama usoni wakingojea machozi, nami nikawatazama wakichoka kungojea. Nililima, nikapika, nikala kilichokuwepo. Moyo ulikuwa umekufa ganzi, na sikuona sababu ya kuuamsha.

Katika ukoo wa mume wangu, mtu ambaye maiti yake haikuonekana huzikwa kwa mgomba. Shina linakatwa kwa urefu wake, linafungiwa kitu kilichoshika jasho lake, shati au kofia, kisha linalazwa kaburini na watu wanalia kama kawaida. Sharti kitu hicho kiwe na jasho lake peke yake. Mtu mwingine akishakivaa, hakifai tena, na bila kitu hicho wazee hawachimbi. Kofia na mashati ya Thaddée yalikwenda na viti. Kilichobaki ni akordeoni yake, kile kinanda cha kuvaliwa kifuani, ambayo rafiki yangu Félicité aliifunika kwa magunia ndani ya banda lake la mbuzi vita vyote.

Akordeoni hiyo Thaddée aliachiwa na Madamu, mama wa kizungu wa misheni, siku za uhuru, wazungu walipokuwa wakifunga mizigo mbio mbio kuvuka mpaka kwenda Usumbura. Ilikuwa nyekundu, ya vifungo, na mikanda yake ya ngozi ilikuwa imegeuka myeusi kwa jasho la mabega ya mume wangu.

"Ile mikanda iko na jasho yake," akasema mkwe wangu. "Tutaifunga yote ku mugomba, na kinanda yake. Minye nimekwisha kuongea na Antoine."

Antoine ni shemeji yangu mkubwa, mtu mpole ambaye hajawahi kumkatalia mama yake jambo lolote. Nikajua shimo limekwisha kuchimbwa vichwani mwao.

Hapo nilikasirika. Hasira ilikuwa imenipotea muda mrefu, hata sikuitambua mara moja. Nilidhani ni njaa. Niliona jambo moja tu, tena waziwazi: maadamu hakuna kilichozikwa, mume wangu yuko njiani. Amechelewa, tena amechelewa vibaya, lakini yuko njiani. Wakimzika, nitakuwa mjane wa shina la mgomba.

"Haiko yake tena, mama," nikasema. "Minye njo ninaipiga sasa."

Ulikuwa uongo mtupu. Nilikuwa nimeigusa kwa kuifuta vumbi tu.

"Weye?"

"Minye."

Alikuna mguu wake. "Basi, tukimaliza kuvuna maharagwe, utaipiga mu kanisa, siye wote tusikie. Kama iko yako, nitaiacha."

Ndivyo nilivyoamua kujifunza akordeoni, mwanamke mzima niliyekuwa nikitolewa kwenye safu ya waimbaji kwa sababu ya sauti mbaya.

Nilifanyia mazoezi kanisani, mchana, watu wakiwa mashambani. Mabati ya paa yalikuwa yameibwa upande mmoja, na mbuzi walikuwa wakiingia humo kutafuta kivuli. Siku ya kwanza niliivaa, nikavuta, ikatoa sauti iliyowatoa mbuzi wote nje. Félicité, aliyekuja kunisaidia kwa kuwa anazijua nyimbo zote, alishika mbavu kwa kicheko.

"Weye unaivuta sawa vile muntu anatoa ngombe mu matope!"

Sikucheka. Nilivuta tena. Nikagundua kwamba kifungo kile kile ukivuta kinatoa sauti moja, na ukisukuma kinatoa nyingine, jambo ambalo Thaddée hakuwahi kuniambia katika miaka yote ya ndoa yetu. Nilimkasirikia kwa hilo. Nilitaka kumuuliza kwa nini chombo kitengenezwe kwa hila namna hiyo, na nikakumbuka kwamba hayupo wa kuulizwa. Nikatafuta kwa vidole mwenyewe. Félicité aliimba mstari, akasimama, akangoja nimfikie, akaimba tena. Ulikuwa wimbo aliokuwa akiupenda Thaddée kufungia ibada, mrefu na wa polepole, nami niliuchagua kwa sababu ya upolepole wake, si kwa mapenzi.

Mabega yaliniuma. Mikanda ilikuwa mirefu mno, akordeoni ikaninginia tumboni na kunigonga mapaja. Félicité akaniambia niifupishe. Nikakataa. Niliendelea kuhangaika nayo hivyo hivyo mpaka siku moja nikapasuka kwa hasira, nikachukua msumari, nikautoboa mkanda tundu jipya, karibu zaidi. Ikanikaa kifuani barabara.

Félicité aliacha kucheka. "Na akirudi? Itamubana."

"Akirudi atafungua," nikasema.

Jasho langu liliingia kwenye ngozi juu ya jasho lake. Hilo ndilo nililolitaka, nami nilipoiona ngozi ikilowa nilidhani nitafurahi. Sikusikia kitu moyoni. Niliivua, nikaifunika, nikaenda kupalilia.

Maharagwe yakavunwa. Jumapili ile Mama Antoine alikaa benchi la mbele, Antoine pembeni yake, na nyuma yao watu wa Makobola waliobaki. Nilisimama pale aliposimama Thaddée. Nilivaa mikanda bila haraka. Hiyo ndiyo faida ya ganzi. Nikaanza. Félicité akaimba na wengine wakamfuata, wakiningoja pale nilipobaki nyuma, kama watu wanaomsubiri mgonjwa njiani. Kwenye mstari wa tatu nilisukuma badala ya kuvuta, wimbo ukavunjika. Nikarudi, nikaupata, nikamaliza.

Nikamtazama mkwe wangu, nikiwa na hakika kwamba nimeshinda. Hakuna mtu mwenye masikio ambaye angesema akordeoni ile ni ya Thaddée. Ilikuwa yangu, pamoja na makosa yake yote.

Mama Antoine alikuwa ameinamisha kichwa. Alipokiinua, uso wake wote ulikuwa umelowa.

"Mwanangu, nitakuambia kitu," akasema, polepole, mbele ya watu wote. "Minye nilitaka tuzike ile kinanda ju isilie tena. Tangu alipochukuliwa, nilikuwa ninaogopa: siku moja nitaisikia, nitakimbia ku mulango, nitasema ni yeye amerudi. Leo imelia. Nimesikiliza, nimesikiliza mpaka mwisho. Haiko yeye." Akafuta uso kwa mkono. "Haiko yeye, Apolline. Iko weye."

Nikaikumbatia akordeoni kwa mikono miwili.

"Kinanda ni yako," akaendelea. "Muke hatoboe mukanda ya bwana yake kama anamungojea."

Sijui nani alimwambia habari ya tundu. Labda aliliona tu kwa macho yake, maana aliijua vizuri mikanda ya mwanawe. Nilitaka kusema kwamba nilitoboa ili asizikwe, na ilikuwa kweli, lakini tundu lilikuwepo.

Nikajaribu mara ya mwisho. "Bila kitu ya jasho yake hamuwezi kuzika, mama. Hata wazee banajua ile."

Alisimama. Akafungua kitambaa alichojifunga kiunoni, kile cha siku zote, kilichochakaa. "Thaddée alitoka umu," akasema, akagusa tumbo lake. "Jasho yake ya kwanza ilikuwa yangu. Nani ataniambia haifai?"

Wazee wakainuka kwenda kuchagua mahali pa kuchimba.

Siku iliyofuata Antoine alikata mgomba nyuma ya nyumba ya mama yake. Aliupima kwa kusimama kando yake, kwa kuwa yeye na mdogo wake walikuwa kimo kimoja. Mama Antoine akaufunga kitambaa chake katikati, akakaza fundo kwa meno. Tukaubeba mpaka makaburini, kilimani juu ya ziwa. Ulikuwa mzito kuliko nilivyofikiri, na maji yake yalinidondokea miguuni njia yote.

Walipokwisha kuulaza shimoni, Antoine akatazama huku na huku. Kwetu shimo halifunikwi bila wimbo, na wimbo hauanzi bila mtu wa kuupiga.

"Nani atapiga?" akauliza, kisha akaona haya kwa kuuliza.

Mtu wa kuwapigia siku zote alikuwa ndiye huyo tuliyekuwa tukimzika. Félicité alikuwa amekwisha kwenda nyumbani kwangu bila kutumwa. Akarudi na akordeoni mgongoni, akaniwekea mikanda mabegani, mmoja baada ya mwingine, kama unavyomvisha mtoto.

Nikavuta. Antoine akaanza kurudisha udongo kwa jembe. Kwenye mstari wa tatu nilisukuma tena badala ya kuvuta, na hakuna aliyenisubiri safari hii. Waliendelea kuimba, nami nikawakimbilia. Hapo ndipo nilipolia. Nililia kwa sauti, mdomo wazi, mbele ya watu wote wa Makobola, na sikuweza kujifuta, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa kazini.