Dakika Kumi na Mbili

Siku tatu baada ya radi kupiga uwanjani, Navalayo aliitwa ofisini kutia sahihi ripoti. Alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, na hii ilikuwa wiki yake ya kumi na ya mwisho ya mafunzo ya kazini katika klabu moja ya gofu mjini Kakamega. Likizo nzima alikuwa ameendesha mashindano ya watoto: kuandikisha majina, kupanga makundi, kukusanya kadi za alama, kuwatuliza wazazi waliopiga kelele kuliko watoto wao. Sasa zilibaki sahihi mbili tu, yake kwenye ripoti, na ya msimamizi wake kwenye daftari la chuo.

Msimamizi huyo, Bwana Kipngeno, alikuwa mtu mwema, na wema wake ndio uliomfanya Navalayo aogope kumtazama usoni.

"Soma kwanza," alimwambia.

Ripoti ilisema honi ya hatari ilipigwa saa tisa na dakika kumi, watu wote wakaamriwa kuondoka uwanjani, na mbebaji mmoja wa mifuko ya wachezaji akajeruhiwa kwa kuchelewa kutii.

"Haikuwa saa tisa na dakika kumi," Navalayo alisema polepole. "Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini na mbili."

"Najua." Kipngeno aliinuka akafunga mlango. "Lakini wewe bado mtoto. Hili neno uzembe likiingia kwenye faili yako, litakufuata kila ofisi utakayobisha. Tia sahihi, mimi nitie yangu, uende ukamalize masomo."

Navalayo aliomba apewe muda hadi alasiri.

Honi ilikuwa mkononi mwake Ijumaa ile. Kipngeno mwenyewe alimkabidhi asubuhi, akamwambia, "Usiningoje mimi. Ukiona mwanga wa radi, hesabu. Ngurumo ikifika kabla ya thelathini, piga." Saa tisa na dakika kumi mwanga uliangaza upande wa milima ya Nandi. Navalayo alihesabu, na ngurumo ikaja alipofika kumi na tisa.

Lakini mbele yake, kwenye shimo la kumi na sita, alikuwa Jepkorir, msichana wa miaka kumi na mitatu kutoka Mautuma, aliyejifunzia gofu kwenye shamba la mahindi lililokwisha kuvunwa, kwa vyuma vya kuchezea alivyopewa na mwalimu wake. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alikuwa anaongoza, kwa pigo moja. Mchezo ukikatizwa siku ya mwisho, yalihesabiwa mashimo ambayo kila mtu ameshayamaliza, na kwa hesabu hiyo Jepkorir angekuwa wa pili. Navalayo alimpenda yule msichana. Alijiambia, amalize hili tu. Akamaliza. Kisha akajiambia, na la kumi na saba. Wingu lilikuwa limeshafunika msitu, na yeye kidole kiko juu ya kitufe cha honi, hakibonyezi.

Alipobonyeza, radi ilipiga mkaratusi ulio kando ya shimo la kumi na saba karibu papo hapo. Jepkorir alianguka akainuka analia. Jescah, mama mbebaji wa pale klabuni, aliyekuwa amembebea mfuko bila malipo kwa kuwa msichana hakuwa na mtu, hakuinuka.

Kutoka ofisini Navalayo alikwenda moja kwa moja hospitalini. Jescah alikuwa amelala chali, mkono wa kulia juu ya shuka kama kitu cha mtu mwingine. Miaka ishirini na miwili ya kubeba mifuko ilikuwa kwenye mkono ule. Binti yake, Maximilla, alikuwa anamlisha uji.

"Mulembe, Mama," Navalayo alimsalimu.

"Sema kwa nguvu, upande huu. Lile sikio lingine limekufa."

Maximilla aliweka kikombe chini. "Afadhali umekuja, dada. Klabu imetuma mtu leo asubuhi. Anasema bima haitalipa, ati honi ililia mama akakataa kutoka. Mama huyu? Yeye ndiye anaogopanga mvua kuliko kuku!"

Hapo ndipo Navalayo alipoelewa zile dakika kumi na mbili zimepelekwa wapi. Hazikuwa zimefutwa. Zilikuwa zimetolewa mabegani mwake zikabebeshwa mwanamke huyu.

"Honi haikuwa imelia," alisema. "Ilikuwa kwangu. Niliona mwanga, nikahesabu, nikajua. Nilitaka Jepkorir amalize."

Maximilla alisimama. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Toka. Toka hapa kabla sijakufanya kitu."

"Mwache," Jescah alisema. Alimtazama Navalayo kwa muda mrefu, bila hasira, na bila huruma pia. "Nilikuona. Nilikuwa naangalia ile honi nikisema, huyu msichana amesoma, anajua anachofanya. Sasa umekuja kuniambia ili nifanye nini?"

Navalayo alikuwa amekuja akidhani kusema kutampunguzia uzito, na uzito ulikuwa palepale.

"Kama ni pole, nimesikia," Jescah alisema. "Kama una kingine, nenda ukakiseme kwa wale wanaoandika."

Alirudi klabuni kwa miguu. Ofisini aliomba karatasi tupu, akaandika kila kitu kwa mkono wake: saa ya mwanga, hesabu aliyoipata, saa ya honi, na kwa nini alichelewa. Aliandika pia kwamba Bwana Kipngeno alimpa maagizo kamili asubuhi. Akatia sahihi.

Kipngeno aliisoma mara mbili. "Mimi nilikuwa nakukinga," alisema. "Unanifanya mwongo mbele ya kamati ya klabu."

"Nisamehe, Bwana Kipngeno. Lakini bima wanamkatalia Mama Jescah kwa sababu ya hiyo ripoti."

"Hilo sikulijua."

Na kweli hakulijua, ilionekana usoni. Alikaa akiitazama karatasi, kisha akachukua ripoti yake mwenyewe akaichana katikati. Daftari la chuo alilirudisha bila sahihi. "Siwezi kuandika umefaulu," alisema, akageukia dirishani.

Kamati ilikubali kulipia matibabu. Chuo kiliamua Navalayo arudie mafunzo mwaka unaofuata, mahali pengine. Baba yake aliacha kuongea naye kwa wiki mbili. Jepkorir aliandikwa wa pili, na hakumpigia Navalayo simu tena kama alivyozoea.

Mwezi wa Oktoba Navalayo alikwenda Ekero, nyumbani kwa Jescah. Maximilla alipomwona alichukua ndoo akaenda mtoni bila salamu. Jescah alikuwa jikoni, sufuria iko motoni, akijaribu kusonga obusuma, ugali wa kwao, kwa mkono wa kushoto, na mwiko ukimponyoka.

"Umesimama hapo kama mgeni wa serikali," alisema. "Shika huu."

Navalayo alipiga magoti akasonga. Moshi ulimwingia machoni, mikono ikauma, na Jescah hakumwambia amemsamehe wala yeye hakuuliza.

"Bonyeza chini," Jescah alisema. "Chini! Kuna madonge hapo pembeni. Nyumbani kwenu mnakulanga hivi?"