Besi ya Nyumba Yetu

Kaminieli alizima tena mashine ya kufyekea, akavua kinga ya masikio, akaisukuma iafoni ya sikio la kulia kwa kidole gumba mpaka ikaingia. Ikakaa. Alipoinama kuchukua chupa ya maji, ikachomoka na kuning'inia kifuani.

"Shenzi wewe!" akaifokea.

Wenzake waliokuwa wakifyeka kando ya barabara ya Nausori wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Mtu mzima, bega pana la raga, anagombana na kidude kisichofika hata ukubwa wa njugu! Wacheke tu. Wao hawakuwa na Alhamisi iliyokuwa ikimngoja yeye.

Maana leo ilikuwa Jumanne. Alhamisi ni mazoezi ya mwisho, Jumamosi ni mashindano ya kwaya mjini Suva, na kwaya nzima ya watu wa kisiwa cha Kadavu wanaokaa Nasinu ilikuwa ikimtazama yeye kama mtu aliyepewa mtoto akamsahau sokoni.

Yalianza jana jioni ukumbini. Kwenye wimbo wao wa mashindano, ubeti wa pili, kuna mahali sauti zote hunyamaza. Hapo mtu mmoja wa sauti ya nne, yaani besi, mmoja tu, hushuka peke yake chini kabisa, halafu ndipo kwaya nzima humfuata. Kipande hicho hakimo kwenye bango la nota linalotundikwa ukutani. Kilikuwa kikitoka kinywa kwenda kinywa, na kwa miaka kinywa hicho kilikuwa cha mzee Isikeli, baba yake Kaminieli. Mzee alizikwa baada ya Pasaka. Kaminieli akaacha kazi ya hoteli huko Nadi, akarudi Nasinu kumfuata mkewe aliyekuwa ametangulia tangu mwaka jana, na mahali pa baba kwenye mkeka wa besi akapewa bila kupimwa. Hata yeye hakuomba apimwe. Si ana rekodi? Mkewe, Vasiti, alirekodi mazoezi ya mwaka jana kwa simu, akaiweka simu mkekani karibu kabisa na wanaume wa besi. Kaminieli akanunua iafoni za bei ya chapati mbili kwenye kibanda kimoja huko Nabua, akawa anafyeka huku anasikiliza, akawa anajiona ameiva.

Basi jana mwalimu wa kwaya, Sairusi, mdogo wake marehemu, akanyanyua mkono. Sauti zote zikanyamaza. Kaminieli naye akanyamaza, tena kwa adabu kabisa. Kwenye rekodi yake pale hapakuwa na kitu! Mikeka inachakarika, mtoto anakohoa, kisha kwaya inarudi. Alidhani ni mahali pa kupumua.

"Kami," akasema Sairusi, mkono bado juu. "Tunakungoja."

"Mnaningoja nini, Baba Mdogo?"

Wee! Kina mama wa sauti ya kwanza wakaziba midomo kwa viganja. Na kutoka mstari wa nyuma ikaja sauti ya Emori, mtoto wa shangazi yake. Kwao binamu wa namna hiyo huitwa tavale, na tavale asipokutania ujue mmekosana.

"Mwacheni, anangoja basi la kurudi Nadi!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Kaminieli masikio yakamwaka moto, akageuka. "Funga domo lako hilo. Besi ni ya nyumba yetu. Ninyi kwenu mna mlio wa mbuzi, tena mbuzi wa kuazima!"

Jibu lilikuwa zuri, lakini wanaume wa besi hawakucheka. Waliinamia bakuli la kava, kile kinywaji cha mizizi, lililokuwa katikati yao, kila mmoja akakuta kuna jambo la kutazama mle ndani. Walikuwa hivyo kila alipolisema neno hilo la besi na nyumba yao, naye alilisema mara nyingi. Alidhani ni heshima kwa marehemu.

"Alhamisi uje nayo," Sairusi akasema, bila hasira, ndiyo maana ikauma. "Usipokuja nayo, Emori ataanza. Siwezi kuwapeleka watu Suva na shimo katikati ya wimbo."

Nje Emori akamfuata mpaka kwenye mabomba, akavaa uso wa mtu mzima. "Tavale, njoo nikuonyeshe. Nimekaa ubavuni kwa mjomba miaka yote, naijua. Ni jambo dogo."

"Nifundishwe sauti ya baba yangu na wewe?"

"Haya," Emori akasema. "Basi bwana." Akaenda zake.

Hiyo ndiyo jana. Na leo hii iafoni inaning'inia.

Jioni mvua ikapiga bati, Kaminieli akakaa kitandani na simu, hatulii. Alijaribu spika ya simu yenyewe, ikatoa kwaya ya nzi ndani ya kopo. Akarudisha iafoni, akaongeza sauti mpaka mwisho. Sauti ya kwanza ikamchoma ubongo kama sindano, lakini pale penye kimya, mtoto yule yule akakohoa, na basi. Akazungusha waya. Akashikilia vidude vyote viwili kwa vidole. Akavua, akafuta kwa shati, akavaa, akavua, akavirusha ukutani.

"Vimekukosea nini?" Vasiti akauliza. Ndiyo kwanza alikuwa amerudi kutoka kiwanda cha nguo, anamenya magimbi.

"Vibovu. Vya kwako vya bei gani?"

"Bei hiyo hiyo. Hebu vaa nikuone." Akamtazama, akacheka puani. "Mume wangu, hizo ni iafoni, umezivaa kama hereni. Ziko mlangoni tu. Besi ndiyo ya kwanza kutoroka kukiwa na upenyo. Sisi pale kiwandani, mashine mia zinapiga kelele, usipoziba vizuri unasikia muziki wa cherehani peke yake."

"Zinaingia halafu zinatoka! Nifanyeje, nizishone?"

Akamsogelea, akayashika masikio yake, akayakagua kama anavyokagua mishono. La kushoto lilikuwa sikio la watu. La kulia lilikuwa sikio la skramu. Lilisagwa miaka yote ile alipokuwa akisukumana na wanaume kwenye mstari wa mbele wa raga, likakunjamana na kuvimba, na tundu lake likaenda upande.

"Masikio mawili, watu wawili," Vasiti akasema. "Na umeyavalisha kipira cha saizi moja. Ule mfuko mdogo uliokuja ndani ya boksi uko wapi?"

"Ule wa vipira vya watoto?"

"Vya watoto! Nani kakwambia?"

Mfuko ulikuwa kwenye droo ya mishumaa, haujafunguliwa. Vasiti akaacha cha kati upande wa kushoto. Upande wa kulia akajaribu kidogo kuliko vyote, kikapwaya. Akajaribu kikubwa, akakilowesha kwa ncha ya ulimi. "Fungua mdomo. Zaidi. Usinitemee." Akalivuta sikio juu na nyuma kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akakiingiza kile kidude huku akikizungusha taratibu, akaupitisha waya juu ya sikio ukashuka kwa nyuma. "Sasa funga. Sema kitu."

"Niseme nini?"

Akashtuka. Sauti yake mwenyewe ilikuwa imejaa kichwani, nzito, kana kwamba ameongea ndani ya mtungi. Mvua ya batini ilikuwa imehamia mbali.

"Umeona?" Vasiti akasema, na Kaminieli akaona midomo yake tu inacheza.

Akabonyeza rekodi. Na wimbo ukapata sakafu. Ndivyo alivyohisi: siku zote zile alikuwa akisikiliza nyumba iliyokatwa miguu, na sasa wanaume walikuwa wamesimama chini yake, wengi, wanavuta pumzi pamoja. Hakuhitaji hata sauti kubwa. Akapunguza. Akafumba macho akamtafuta baba yake katikati yao, moyo unamdunda.

Ubeti wa pili. Sauti zikanyamaza. Mikeka ikachakarika.

Baba akaanza. Alikuwa yeye, hakuna mwingine, lile neno la kwanza alivyolitua polepole. Kaminieli akatabasamu. Kisha neno la pili likakatika. Pakabaki pumzi tu, pumzi inayokwaruza, ya mtu anayeinua mzigo uliomshinda. Mtoto akakohoa. Na kabla kikohozi hakijaisha, kutoka chini, mguno: *mmm*. Mguno ule anaoujua kila mtu Nasinu, ambao Sairusi ameukemea mpaka amechoka, kwa sababu kuna mtu mmoja tu asiyeweza kuanza neno bila kuguna kwanza. Emori akalipokea neno mdomoni mwa mjomba wake, akashuka nalo mpaka chini kabisa, laini, bila kuongeza cha kwake, akaifungulia kwaya mlango.

Kaminieli akarudisha nyuma. Akasikiliza tena. Akarudisha tena.

Akazivua. Vasiti alikuwa ameacha kumenya magimbi.

"Ulijua?"

"Kila mtu wa kwaya alijua," akasema. "Kifua cha baba kilikuwa kimekwisha. Mwaka mzima alikuwa akianza, Emori anamalizia. Waamuzi wenyewe hawakugundua."

"Na kwenye simu akaniambia, mwanangu, nimeiangusha besi leo mpaka kuta zimetikisika!"

"Ndivyo alivyotaka ujue. Alisema ukisikia anaumwa utaacha kazi. Alituapisha, Kami. Emori aliapishwa wa kwanza."

Kaminieli akasimama, akakaa, akasimama. Mbuzi wa kuazima! Alikuwa amelisema mbele ya watu ambao wote waliijua kweli, tena si mara moja, na Emori alikuwa akicheka.

Jumatano alifyeka upande mmoja wa barabara mara mbili, msimamizi akamuuliza kama anaumwa. Alipotoka kazini akashukia soko la Nausori, akasimama kwa wauza kava, akashika mizizi, akaiacha, akaishika tena, mwisho akampigia mkewe. Aliyemkosea mwenzake humpelekea mzizi wa kava, akauweka mbele yake, akainama, mambo yakaisha. Hiyo ndiyo njia anayoijua.

"Umpelekee Emori?" Vasiti akacheka kwenye simu, kicheko cha huruma. "Tavale haombwi msamaha, wewe! Matusi yenu hayana deni. Ukimpelekea mzizi atadhani unakufa. Utamwaibisha bure, na watu watauliza kulikoni, na siri ya baba itakuwa sokoni."

Akauacha mzizi. Akarudi nyumbani kwa miguu, njia nzima ananong'ona maneno ambayo hayakuwa na mtu wa kuambiwa.

Alhamisi ukumbi ulijaa. Kaminieli akakaa mahali pa baba yake, mapaja hayatulii, vidole vinachezea upindo wa sulu, shuka lake la kiunoni. Kipande sasa alikijua chote, mpaka chini kabisa. Alikuwa amekiimba juu ya kelele za mashine mchana kutwa, na koo lilikuwa tayari. Nafasi ilikuwa mkononi mwake, ya kuichukua tu.

Ubeti wa pili. Sairusi akanyanyua mkono. Sauti zikanyamaza.

Kaminieli akaanza. Neno la kwanza akalitua polepole, zito, pana, na nyuma yake akasikia mzee mmoja akivuta pumzi kwa mshangao, maana lilikuwa la Isikeli mtupu. Akaingia kwenye neno la pili. Akafika pale pumzi ya baba ilipokatika.

Akafunga mdomo.

Sairusi hakushusha mkono. Sekunde ile ilikuwa ndefu, Kaminieli akaomba Mungu moyoni, akaomba kabisa. Na kutoka nyuma, kwa mazoea tu, kabla mwenyewe hajajua anafanya nini: *mmm*. Emori akalipokea neno, akashuka nalo, na kwaya yote ikaingia juu yake kama mwaka jana.

Waliimba mpaka mwisho. Hakuna aliyecheka. Sairusi akashusha mkono, akajifuta uso kwa kitambaa.

"Umesahau, Kami?"

"Sijasahau, Baba Mdogo. Ndivyo wimbo unavyokwenda. Nimeusikia."

Wanaume wa besi wakainua nyuso kutoka kwenye bakuli. Wakamtazama machoni.

"Umesikia nini?" Emori akauliza. Sauti yake ilikuwa na woga.

"Yote. Mpaka mguno wako."

"Aliyeimba ni mjomba," Emori akasema upesi. "Mimi nilikuwa nasafisha koo."

"Emori..."

"Nyamaza! Ukiniomba msamaha hapa mbele za watu nakupasua na kifuu hiki cha kava, sikio lako la kushoto nalo liharibike."

Hapo ukumbi ukacheka, kicheko kirefu cha watu waliokuwa wameshikilia kitu kizito kwa muda na sasa wamekitua. Kaminieli naye akacheka, machozi yanamtiririka, hakuyafuta.

"Basi Jumamosi mimi nitaanza kama baba," akasema. "Nikifika pale, wewe usafishe koo."

Emori akainuka na mkeka wake, akawaruka watu wawili, akautandika ubavuni kwa tavale wake, akakaa.